Mzinga wa Kumi

Ukitaka kumjua yule mzee, ungemtazama akihesabu. Alikuwa akikunja vidole kimoja kimoja, akianzia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na akifika kile cha mwisho cha mkono wa kulia anakiacha kimesimama peke yake. Neno kumi halikutoka kinywani mwake. Alisema kenda, yaani tisa, akanyamaza, akakukazia macho, na wewe ulipaswa kujua kwamba kuna kimoja zaidi. Sote tulijua. Kwetu kitu chenye uhai hakihesabiwi kikaisha: mbuzi, watoto, mizinga yenye nyuki. Ukimaliza hesabu umeiita mauti ije ipunguze. Wanaohesabiwa hadi wa mwisho ni wafu, maana hao wameshapunguzwa. Mama yangu alihesabu hivyo, na mama yake pia, na hakuna aliyeona ajabu.

Tulimwita Mzee wa Laini. Laini ilikuwa ile njia ya nyaya za stima, yaani umeme, iliyotoka kwenye maporomoko ya mto huko juu ya Thika, ikapita juu ya mkonge na kahawa za Wazungu mpaka huku kwetu Ruiru. Ujana wake aliumaliza akichimba mashimo ya nguzo, na uzee wake ukamkuta akifyeka vichaka chini ya nyaya zilezile, kwa panga lililolika likabaki jembamba kama kisu cha jikoni. Mimi nilikuwa jirani yake upande wa Gatongora, mke wa mtu. Nilimwita Guka, kama unavyomwita babu yako, naye aliniita maitu, yaani mama, eti kwa sababu nilimgombeza kama mama yake alivyokuwa akimgombeza. Na kweli nilimgombeza. Alikuwa mtu wa kugombezwa.

Alikuwa mchoyo wa asali, kwanza. Unaweza kukaa naye asubuhi nzima ukimshikia moshi, macho yakikutoka machozi, na mwisho akulambishe ncha ya kijiti. "Asali ni ya nyuki," anasema, huku yeye mwenyewe ndevu zinang'aa. Nyuki walimuuma shingoni akawa anazungumza tu, lakini siku mganga wa serikali alipopita na sindano ya chanjo, Mzee wa Laini alivuka mto na nguo zake zote, akalala kichakani kwenye kahawa mpaka gari la mganga likaondoka. Nilimcheka mwezi mzima. Akaniambia nyuki anakuuma kwa sababu ana shida, yule mganga hana shida yoyote.

Na ile stima, wuui! Sikuwahi kujua kama aliipenda au aliichukia. Alizigonga nguzo kwa kiganja kila alipopita, akizisalimu. "Hii ni yangu. Ile ya kwenye mwamba ni yangu, ilitutoa jasho siku tatu." Halafu dakika hiyohiyo anaweka sikio kwenye mti wa nguzo, anasikiliza ule mvumo, na uso unamkunjamana. Asubuhi za gathano, ule msimu wa baridi na ukungu, nyaya zilinguruma mpaka ukazisikia ukiwa jikoni. Asubuhi hizo ndizo alizokuwa akiamka mapema kuliko wote kwenda kuangalia mizinga yake.

Aliitundika chini ya nyaya kwa sababu hapo palikuwa pa bure. Hakuna aliyeruhusiwa kulima ukanda ule. Mizinga ilikuwa magogo ya muringa aliyoyachonga mwenyewe, yamelazwa juu ya miti ya panda. Nyuki wakaingia vizuri, wakajenga masega, halafu mzinga mmoja baada ya mwingine wakahama. Hawakufa. Walihama, wakaacha masega yenye asali ndani, na nyuki hafanyi hivyo bila sababu.

Mtu mwingine angesema amerogwa. Wengi walimwambia hivyo, na kuna jirani aliyejitolea kumpeleka kwa mganga wa mitishamba. Akamwambia, "Mchawi gani anaroga mizinga anaacha mke wangu na ulimi wake?" Mhubiri naye akasema ni dhambi ya kutokuja kanisani. Akamuuliza kama nyuki wa mhubiri wamebatizwa. Alikuwa na msemo wake mmoja, aliurudia mpaka ukachosha: "Usiniambie unachofikiri. Niambie ulichokiona."

Kwa hiyo akaanza kuona. Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe, kwa sababu watu walikuja kumwita mwongo, na mimi nilikuwepo. Alichonga mizinga mingine kutoka mti uleule wa muringa, idadi ileile, akaitundika kule chini mtoni, mbali na nyaya. Moshi uleule, siku ileile ya kuikagua. Kisha akajipinga mwenyewe. "Labda ni jua," akasema, maana mtoni kuna kivuli na kwenye laini hakuna. Akaezeka kila mzinga wa kwenye laini kwa nyasi. Wakahama. "Labda ni siafu." Akapaka miguu ya panda majivu na mafuta machafu ya lori. Wakahama. Akatoa kundi zima mtoni, lililotulia, akalileta chini ya nyaya, halikumaliza msimu. Akatoa mzinga uliohamwa kwenye laini, akaupeleka mtoni bila hata kuuosha. Nyuki wakaingia wakakaa. Mimi nilibeba upande mmoja wa gogo hilo, na mgongo wangu unalikumbuka.

Wakati huo nilikuwa nikifagia na kuosha vioo katika chumba cha Mzungu mmoja wa wadudu. Alikuwa na chumba chenye darubini kwenye shamba kubwa la kahawa, akichunguza wadudu wanaokula matawi. Hakuwa mbaya. Nilipomweleza habari za mzee wangu alicheka, lakini siku moja akasema nimlete. Alichukua betri ya lori, akaunga waya, akaweka dira karibu yake, kile kisanduku kidogo chenye sindano ya kuonyesha kaskazini. Sindano ikageuka. "Unaona? Hii waya nakuwa na nguvu inje yake, hapana onekana kwa macho." Mzee wa Laini akamfanya arudie mara nne. Akatoka pale akitembea kama kijana. Njia nzima ananiambia, "Maitu, chuma kinasikia! Kama chuma kinasikia, nyuki atakosaje kusikia?"

Akaiazima ile dira. Akaenda akasimama chini ya nyaya nayo, asubuhi nzima. Haikutikisika hata kidogo. Mwingine angeficha. Yeye akaja kwangu, uso umeanguka, akasema, "Andika. Sindano haikucheza." Nikamwambia, "Guka, hiyo inakuharibia." Akasema, "Nimeona. Andika." Mzungu alipousoma mstari ule, baadaye, alisema stima ya juu si sawa na ya betri, inakwenda na kurudi, haiwezi kuvuta sindano. Nadhani ni mstari huo uliomfanya aamini, kwa muda, kwamba ana mtu mkweli mbele yake.

Nimesema andika. Mwandishi nilikuwa mimi. Nilisoma kwa wamisheni hadi darasa la sita, na daftari lilikuwa la rula moja, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Yeye alisema, mimi niliandika.

Sasa nifike kwenye lile lililotukuta. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Mume wangu askari walikuwa wamemchukua kwa lori, akaniacha na mtoto mdogo na mimba ya miezi mitatu, na sikujua wamempeleka kambi gani. Kisha ikaja amri kwamba nyumba zetu zote za kutawanyika zibomolewe, tukusanywe katika kijiji kimoja chenye handaki na lango na homgadi, wale walinzi wenye silaha wa serikali. Chifu mdogo akaja na watu wa kupima, wakapiga vigingi. Vigingi vilifuata laini. Ardhi ile haikuwa ya mtu, imeshafyekwa, imenyooka. Kwao ilikuwa kazi rahisi. Kiwanja changu kilikuwa katikati kabisa. Ukisimama mahali pa mlango ukainua uso, unaziona nyaya.

Mzee wa Laini alimfuata yule chifu mdogo mbele ya watu wote. Sijui alipata wapi ujasiri, siku hizo watu walipigwa kwa kukohoa tu. Alisema, "Sijui kama inadhuru mtu. Simwambii mtu kitu nisichokiona. Ninachojua ni kwamba nyuki hawataki kukaa hapa. Na nyuki wana mabawa, wameondoka. Hawa wana mabawa?" Akapigwa rungu la bega. Si sana.

Ndipo Mzungu wa wadudu akasema, leta daftari. Alikuwa akinywa chai na D.O., afisa wa serikali wa tarafa yetu, kila Jumamosi. Kama hesabu ina maana, akasema, nitazungumza naye, kijiji kisogezwe ng'ambo ya kijito. Ni mwendo wa kurusha mawe mawili. Vigingi tu, hakuna nyumba iliyojengwa bado. Basi ilikuwa hivyo: daftari likubalike kabla ya Jumamosi, au tuhamie chini ya nyaya.

Tulikaa uani kwangu kuliandika upya kwa unadhifu. Yeye anasema, mimi naandika. "Kwenye laini nilianza na mizinga…" Akakunja vidole. Kimoja kikabaki juu. "Kenda."

Nikamtazama. Nilijua ni kumi. Niliwahi kuipita yote nikibeba moshi. Nikasema, "Guka, Mzungu hajui mambo ya kidole."

"Ina nyuki, maitu. Ni hai."

Aliwahi kunieleza. Wakati wa kuchimba mashimo, karani mpya kutoka mbali aliwapanga mstari asubuhi, akawahesabu kwa sauti mpaka kumi, akiwagusa vifua. Jioni walirudi kenda. Mwenzao alishika waya ambao haukupaswa kuwa na moto. Mtu aliyempinga mchawi, akampinga mhubiri, akampinga chifu, kwa hilo moja hakutaka kuambiwa. Nilipomuuliza kama hakuwa anafikiri badala ya kuona, alikasirika. "Nilimbeba miguu," akasema. "Nimeona."

Basi tumlaumu yeye? Ningependa. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na yeye hajui kusoma. Ningeandika kumi nikanyamaza, asingejua hadi leo. Niliinama kuandika, mtoto akajigeuza tumboni, na mkono ukakataa. Mimi, mbatizwa, msomi wa darasa la sita! Nikaandika 9. Walioondoka tukawahesabu sawasawa, maana hao wameshaondoka: sita. Waliobaki: nne; sehemu ya kundi haina mwiko, mwiko ni kulimaliza lote. Mtoni, ulianza na? Kenda, na kidole juu. Ulihamwa? Mmoja. Waliobaki? Kenda, na safari hii vidole vyote vinavyotakiwa vimekunjwa. Nikaandika hivyo, nikakausha wino kwa kupuliza.

Mzungu alisoma amesimama. Alifurahia nyasi, alifurahia siafu, alifurahia kubadilishana mizinga. Kisha akachukua penseli. Nilimwona akiandika kando, akafuta, akaandika tena.

"Tisa," akasema. "Sita natoka. Nabaki tatu. Kwa nini naandika nne?"

Mzee wa Laini akanitazama. Nami nikatazama sakafu niliyoifagia mwenyewe.

"Na huku. Tisa. Moja natoka. Bado tisa!" Akacheka, kicheko cha mtu aliyevunjika moyo, si cha dharau. "Hii moja nafufuka kama Yesu?"

Nilikuwa na maneno yote. Kiswahili nilikuwa nacho, hata Kiingereza kidogo. Ningesema: Bwana, kwetu kilicho hai hakihesabiwi kikaisha, ongeza moja juu na moja chini, kila kitu kitakaa sawa. Maneno kumi na machache. Lakini Mzungu yule alikuwa akiniita msichana mwerevu. Aliwahi kuniambia mimi si kama hawa wengine. Niliona aibu aone kwamba mimi ndiye niliyeiandika ile tisa, na kwa nini.

Mzee akasema kwa Kikuyu, taratibu, "Mwambie, maitu." Nikamwambia Mzungu, "Anasema huenda amesahau, bwana."

Mzungu akafunga daftari, akalirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. "Hii mzee iko mtu mzuri," akaniambia. "Lakini hesabu yake iko ya uongo. Hapana weza peleka kwa D.O." Tukarudi, mzee mbele. Alizigonga nguzo kama kawaida, kila moja, mpaka kwangu.

Jumamosi ikapita. Tulibomoa nyumba zetu wenyewe, tukabeba miti na nyasi, tukajenga pale penye vigingi. Tulichimba handaki, mimi na tumbo langu. Chakula hakikuwepo, maji yalikuwa mbali na lango lilifunguliwa kwa saa. Asubuhi za ukungu nyaya zilinguruma juu ya paa langu, na nilizizoea, Mungu anisamehe, kama unavyozoea mume anayekoroma. Mtoto wangu alizaliwa kabla ya siku zake, akaishi juma moja. Mkubwa wake akamfuata wakati wa mvua za masika, kwa kuhara. Sisemi ni stima. Watoto wengi walikufa katika vijiji vile, na vijiji vingine havikuwa na hata waya mmoja. Njaa ilitosha. Handaki lilitosha. Ila sijui, na kutojua huko ndiko kunakonila, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyetaka kujua na mimi nilimzibia mlango. Wasomi nasikia bado wanabishana mpaka leo, huyu anasema nyaya zinadhuru viumbe, yule anasema hapana. Wabishane tu.

Mizinga homgadi waliipasua kuni, pamoja na ile iliyokuwa na nyuki; ukabaki mmoja tu, ule mtupu wa mtoni. Walichoma nyuki kwanza. Mke wa Mzee wa Laini alipokufa ndani ya kijiji kile, mwanawe aliyefanya kazi kiwandani Thika akampatia kibali, akamchukua. Mzungu wa wadudu naye mkataba wake uliisha, akafunga darubini zake kwenye majani makavu, akarudi kwao. Mimi ndiye niliyemsaidia kufunga. Alinipa mkono, akaniambia nisiache kusoma.

Nilikaa miaka kabla ya kwenda kumwona mzee. Hali ya Hatari ilikuwa ikikaribia kwisha, pasi za kutembea hazikuulizwa tena kila kona, na mume wangu alikuwa amerudi, mkimya, hana mpango na mtu. Nikapanda gari moshi la asubuhi hadi Thika, nikauliza njia hadi Kamenu, mtaa alikokaa mwanawe, daftari limo ndani ya kikapu chini ya ndizi.

Alikuwa ameketi nje ya chumba cha mwanawe, juu ya gogo. Nikalitambua gogo lile kabla sijamtambua yeye. Ulikuwa mzinga wake, ule mmoja wa mtoni uliohamwa, wazi pande zote mbili. Mlangoni nyuma yake niliona balbu ya stima inaning'inia, inawaka mchana. Macho yalikuwa yamemwisha nuru. Nikamsalimu.

"Maitu," akasema papo hapo. "Umekuja kunigombeza."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, lakini ilinitoka vibaya, yote kwa mkupuo. Nilimwambia kwamba nilijua ni kumi. Kwamba Mzungu angeelewa. Kwamba nilisema umesahau kwa sababu niliona haya. Nililia kama mtoto, pale uani kwa watu, wanawake wa jirani wakiacha kufua.

Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Najua. Kiswahili cha kusema nimesahau nakielewa." Akanigeuzia sikio. "Umezika wangapi?"

Hakuuliza nina wangapi. Kwetu hilo haliulizwi. Aliuliza lile linalojibika.

"Wawili, Guka."

Akatikisa kichwa polepole, mara mbili. "Daftari unalo?"

Nikalitoa. Akaligusa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kurasa, akanirudishia. Kisha akanyoosha mikono mbele yake, ile mikono iliyochimba mashimo, na akaanza. Hakutaja namba. Alitaja mizinga, mmoja mmoja, kwa mahali pake. Ule wa kwenye mteremko. Ule wa karibu na mwamba. Ule ulioungua upande. Kila alipotaja alikunja kidole, na aliitaja yote, mizinga ya laini ambayo imekuwa majivu miaka mingi. Alipofika kidole cha mwisho, kikasimama peke yake kama siku zote. Nikamshika mkono nikasema, "Acha, Guka, haina haja tena."

Akautoa mkono wake ndani ya wangu. Akakikunja.

"Kumi," akasema, kwa sauti, mpaka yule mwanamke aliyekuwa akifua akageuka. "Hakuna kilicho hai hapo tena cha kuogopea. Kumi. Na mtoni kumi. Andika."

Nikatafuta penseli kikapuni. Nikakata ile tisa ya juu, nikakata ya chini, nikaandika kumi na kumi kando, kwa mwandiko uleule. Hesabu ikakaa sawa. Kumi toa sita, nne. Kumi toa moja, tisa.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Sasa mpelekee yule wa wadudu," akasema. Uso ulikuwa umemlegea, karibu na furaha; hakuwa na habari kwamba Mzungu yule alisharudi kwao. "Mwambie mimi si mwongo. Aongee na D.O."

"Ndiyo, Guka," nikamwambia. "Nitampelekea kesho."